Goti

Babu alirudi na hadithi hii kutoka Mlimba,
pamoja na kofia ya chuma na kikohozi.
Alipewa na mpima njia mmoja wa Kichina
mvua ilipowafungia siku tatu mdomoni mwa handaki:
Kiswahili cha maneno arobaini,
mengine kwa mikono, mengine kwa mkaa juu ya ubao.
Baba mgonjwa. Orodha ya jeshi. Binti. Farasi.
Miaka kumi na miwili.
Babu akaisimulia Isongole vile vile,
isipokuwa farasi, ambaye hakumjua vizuri,
akamgeuza punda.

Bibi aliisimulia jikoni, akimenya viazi,
na kwake yeye vita vilikwisha upesi mno.
Kilichomkalisha ni yule mama
ambaye hakuna aliyemtaja:
nani alimfungia mwanawe chakula cha njiani?
Alifunga nini? Ndizi zipi?

Sasa ni zamu yangu.
Nina daftari la kurasa mia, kidato cha tatu,
na bweni la wasichana thelathini na wawili
wasiodanganyika.
Nilipofika pale anapokata nywele usiku
na kuzikusanya kwa machozi,
Tusekile alicheka mpaka kitanda cha juu kikalia:
“Sote hapa tumenyolewa Jumapili.
Mbona hatujawa askari?”
Nikachana ukurasa.

Subilaga akauliza, kwa sauti ya chini,
lile ambalo babu hakuulizwa na bibi hakulisema:
miaka kumi na miwili, mwezi kwa mwezi,
damu yake aliificha wapi?
Kimya. Mvua juu ya bati.
Sote tulikuwa tunahesabu vitambaa.
Nikaandika mto, na askari aliyependa kufua gizani,
ambaye wenzake walimwita Msafi
na hawakujua walichokitania.

Bado nilitafuta kitakachomsaliti.
Si nywele. Si kifua, alikifunga. Si sauti,
baridi ya kwetu hukwaruza koo la kila mtu.
Nikakipata siku jenerali alipopita kukagua:
wanaume wote wima kama misindano,
na yeye, kwa mazoea ya miaka kumi na sita,
goti lake la kulia likaanza kushuka
aamkie.
Inchi moja. Mbili.
Nikamwacha hapo wiki nzima, goti hewani,
sijui nimshushe au nimwinue.

Tulipofunga shule, Jumamosi ya kwanza,
ikapita filimbi ya msaragambo:
mtaro wa bomba la maji, kila kaya mwanamume mmoja,
asiyefika, faini.
Baba alikuwa kitandani, mguu umefungwa vibao;
gogo la msindano halikumwuliza liangukie wapi.
Akaanza kupapasa fimbo yake.
Nikachukua koti lake, zito kwa ukungu na moshi,
buti zake nikazijaza magazeti,
nikatoka na jembe kabla hajaipata.

Usifikiri nilimdanganya mtu.
“Huyo si binti wa Mwasomola?” walisema,
wakanisogezea mahali penye mawe.
Nilichimba hatua tano, kama wao.
Ya nne ilinitoa malengelenge,
ya tano siikumbuki.

Saa saba mwenyekiti akaja na kamba ya kupimia,
mzee, rika la babu.
Goti langu likakumbuka.
Nikaliambia: subiri.
“Shikamoo,” nikasema nimesimama, jembe mkononi.
Akanitazama. Akautazama mtaro, akaushukia,
akapima kina mara mbili.
Halafu akaweka alama ya ndiyo
mbele ya jina la baba.

Jioni baba aliomba buti zake.
Nilidhani anataka kuona nimeziharibu vipi.
Akafuta tope kwa kidole gumba, taratibu,
akatoa magazeti, kipande kwa kipande,
akayakausha juu ya mafiga
huku akisoma bei za mahindi za mwaka juzi.
Yalipokauka akayakunja upya,
akayarudisha ndani, akayashindilia mpaka puani.
“Haya yabaki,” alisema.
Akaziweka mlangoni, upande wangu.